Muuza kompyuta, mwandikie mteja kila kifaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wale wanaonunua kompyuta za mezani zinazounganishwa na mafundi wa hapa nchini, na pia na mafundi wenzangu tunaoziunganisha. Nimeifanya kazi hii Kariakoo kwa miaka kumi na tisa. Ombi langu ni moja tu: kila kompyuta inayounganishwa na kuuzwa iende kwa mnunuzi pamoja na karatasi inayotaja kila kifaa kilichomo ndani yake, kwa jina la mtengenezaji, kwa namba kamili ya toleo, na kwa neno la kweli kuhusu kama kifaa hicho ni kipya au ni cha mtumba.

Kilichonisukuma kuandika ni kazi niliyoitiwa mwezi uliopita katika shule moja ya sekondari mkoani Pwani. Shule hiyo ilinunua kompyuta kumi kwa michango ya wazazi, na kabla mwaka haujaisha nne zilikuwa zimekufa. Mwalimu wa somo la kompyuta alinipokea vizuri, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kuulizwa na wazazi pesa zao zimekwenda wapi. Akaniambia, "Fundi, hizi tuliuziwa kama mpya." Nilifungua ya kwanza juu ya dawati, na kabla sijagusa kitu pua ilikwishanipa jibu, maana harufu ya pawa saplai iliyoungua, yaani kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme unaotoka ukutani, mtu akiishaijua haisahau. Nilipoichomoa ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu la maziwa ya unga. Lebo yake ilisema wati 500.

Nikaifungua nayo. (Msomaji asijaribu jambo hili nyumbani, kwa sababu kapasita kubwa zilizomo ndani huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.) Kwenye bodi yake palikuwa pamechorwa alama za koili na kapasita ambazo kazi yake ni kuchuja umeme unaoingia, lakini vifaa vyenyewe havikuwepo. Matundu yake yalikuwa wazi, na pale palipostahili koili walikuwa wamechomelea vipande viwili vya waya ili umeme upite moja kwa moja. Aliyeichora bodi ile alijua nini kinahitajika, na aliyeiunda akaamua kutokukiweka. Nyingine tatu zilikuwa hivyo hivyo, na mbili kati yake zilikuwa zimeunguza na ubao mama, ule unaounganisha vifaa vyote, ambao sisi mafundi tunauita mazabodi.

Nilimwomba mwalimu awaite wanafunzi wawili waliokuwa wakichungulia dirishani, nikawaonyesha lebo. Chini ya namba kubwa ya 500 palikuwa na jedwali la maandishi madogo, na humo mstari wa volti 12 ulipewa ampea 16. Nikawaambia wazidishe, na mmoja wao akajibu bila kutafuta kalamu kwamba ni wati 192. Mstari huo wa volti 12 ndio unaobeba kazi karibu yote katika kompyuta za siku hizi, yaani prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha kama ipo. Kwa haki niseme kwamba kompyuta ya shule, isiyo na kadi kubwa ya picha, haifikii hata hizo wati 192, kwa hiyo si uongo wa namba ulioziua. Zilizimwa na kukosekana kwa vile vichujio na kinga, katika mazingira ambayo umeme hukatika mchana na kurudi kwa kishindo, na ambayo vumbi huingia darasani muda wote. Lakini anayedanganya kwenye lebo ndiye huyo huyo anayepunguza vifaa ndani.

Baada ya hapo niliomba kuona risiti. Ilikuwa risiti halali ya mashine, kodi imelipwa, na maelezo yake yalikuwa haya: kompyuta i7, ramu 8, hadi diski 500, idadi 10. Kwa asiyejua, i7 ni jina la prosesa, ramu ni kumbukumbu ya muda, na hadi diski ni mahali pa kuhifadhia mafaili. Mwalimu alikuwa amekwisha kumrudia muuzaji mara mbili, naye akamjibu kwamba waranti haihusu matatizo ya umeme, na kwamba hata hivyo hana hakika kama vifaa vilivyomo bado ni vile alivyoviweka yeye. Mwalimu hakuwa na la kumjibu. Angekuwa na karatasi yenye jina na namba ya pawa saplai, mazungumzo yale yangekwenda vingine, na pengine yasingekuwepo kabisa, kwa kuwa muuzaji anayejua kwamba ataandika jina la kifaa kwa mkono wake hukichagua kwa uangalifu.

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwenye hilo neno "i7", kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. Mteja akiingia dukani huuliza maswali matatu: ramu ngapi, hadi diski ngapi, i ngapi. Prosesa za kwanza za Intel zenye jina la i7 zilitoka mwishoni mwa mwaka 2008, na jina hilo likaendelea kubandikwa kwa zaidi ya vizazi kumi. Prosesa za shule ile zilikuwa i7-2600, toleo la mwaka 2011. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 2, inaonyesha kwamba ni kizazi cha pili. Prosesa ya i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo ni kizazi cha 12, ina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) kama ile, inaitwa i3 tu, na inaishinda kwa mbali. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni i7" bila kukutajia namba inayofuata hajakwambia kitu. Tofauti hii si ya mwendo peke yake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wake wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, huku orodha rasmi ya prosesa za Intel zinazokubaliwa ikianzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Shule ile ilinunua mashine ambazo, kwa kanuni hizo, zilikwishapitwa na wakati siku zilipoingia getini. Nimeziwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, zile zilizopona na wanafunzi wanaendelea kujifunza, ila wazazi walistahili kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Hadi diski nayo ilikuwa na habari yake. Diski hujiandikia yenyewe saa ambazo imewahi kuwashwa, na ipo programu ya bure inayozisoma kwa dakika moja. Moja ilionyesha saa zaidi ya 31,000. Mwaka mzima, usiku na mchana, una saa 8,760, kwa hiyo diski ile iliyouzwa kama mpya ilikwisha kufanya kazi zaidi ya miaka mitatu na nusu mahali pengine.

Sisemi kwamba mtumba ni dhambi. Mimi nauza vifaa vya mtumba kila siku, na vipo vinavyodumu kuliko vipya vya bei ya chini. Prosesa, kwa mfano, ni nadra sana kuharibika kwa kutumika tu, na mwanafunzi mwenye pesa kidogo akinunua ya mtumba ya kizazi kinachofaa atakuwa amefanya jambo la busara. Kosa ni kumficha mnunuzi. Mtu akijua kwamba ramu ni ya mtumba, diski ni mpya na pawa saplai ni mpya ya mtengenezaji fulani, atapima mwenyewe na kuamua, na bei mtapatana.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuachana kabisa na kompyuta za kuunganishwa na kununua zile zenye chapa za makampuni makubwa. Hizo pia ninaziuza, na nyingi ni imara. Hata hivyo baadhi ya kompyuta za ofisini zenye chapa hutumia pawa saplai za umbo lake lenyewe na plagi zake zenyewe, na ikifa inabidi kutafuta ile ile, wakati kompyuta iliyounganishwa kwa vipimo vya kawaida hufungwa pawa saplai yoyote nzuri iliyopo mtaani, na kabla ya adhuhuri mtu amerudi kazini. Kwa shule iliyo mbali na mjini jambo hilo lina uzito mkubwa.

Tena kuunganisha kompyuta si ujanja wa uchochoroni kama baadhi ya watu wanavyodhani. Mwezi Januari 1975 kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, Marekani, ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa Altair 8800 kwa dola 397, na aliyeinunua kwa bei hiyo aliletewa vipande, akachomelea mwenyewe nyumbani. Machi mwaka huo huo watu waliopenda mambo hayo walianza kukutana katika gereji ya mwenzao huko Menlo Park, California, na miongoni mwao alikuwemo Steve Wozniak, aliyesanifu kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka uliofuata. Kisha Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi ikiwa imejaa vifaa vilivyonunuliwa kwa watengenezaji wengine, na ikachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi zake. Kwa kuwa mambo yalikuwa wazi hivyo, wengine wakaweza kutengeneza vifaa vinavyoingiliana nazo. Mwaka 1984 mwanafunzi Michael Dell alianza na mtaji wa dola 1,000 chuoni Austin, Texas, kwa kuongezea vifaa kompyuta za watu na kuziuza. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX, ambavyo ndivyo vinavyoifanya skrubu ya kasha lililotengenezwa nchi moja iingie sawasawa kwenye tundu la mazabodi iliyotengenezwa nchi nyingine. Kazi yetu yote imesimama juu ya uwazi huo, na ndiyo sababu kuficha kilichomo ndani ya kasha naona ni kuukata msingi wa kazi yenyewe.

Sisi tuliingia katika mambo haya kwa kuchelewa. Serikali ilikuwa na kompyuta Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974, miezi michache tu kabla ya ile Altair kutoka, uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini Tanzania ulipigwa marufuku. Wakati vijana wa California walikuwa wakifungua na kufunga, wa kwetu hawakuwa na cha kufungua. Nayasema haya kwa sababu hofu ya kuigusa kompyuta bado ipo. Nimekutana na wakuu wa ofisi, watu wenye elimu kubwa, ambao hawajawahi kuona ndani ya mashine wanayoitumia kila siku, na ambao huamini kwamba kufungua kasha ni kuiharibu. Hofu hiyo ndiyo anayojificha nyuma yake muuzaji asiye mwaminifu.

Sasa niwageukie mafundi wenzangu, kwa kuwa najua wanachokihofia. Nimekwisha kulizungumza jambo hili na majirani zangu wa mtaani, na karibu wote wananijibu kwamba ukimwandikia mteja orodha ya vifaa, ataipeleka duka la pili, ataambiwa bei pungufu, na wewe utabaki na kalamu yako. Ni kweli hutokea. Mwaka juzi niliandikia ofisi moja orodha ya kompyuta sita, nikakaa na mzee wa manunuzi karibu saa mbili nikimweleza kifaa kimoja kimoja, na siku ya tatu nikasikia wamenunua kwingine kwa orodha yangu ile ile. Iliniuma. Lakini hebu tuangalie inakuwaje pale ambapo hakuna orodha. Mteja analinganisha "i7, ramu 8" yangu na "i7, ramu 8" ya jirani, na kwa kuwa maneno ni yale yale anachukua ya bei ya chini. Ili nami niuze inabidi nishushe, na pa kushushia ni pale asipopauliza, yaani pawa saplai. Kati ya pawa saplai ya kweli na lile kopo tupu, kwa bei za dukani kwangu, tofauti haizidi shilingi laki moja. Kwa shilingi laki moja hiyo tunashindana kuharibiana kazi, na anayetaka kufanya vizuri ndiye anayeonekana ghali. Orodha inamfanya mteja alinganishe embe kwa embe. Anayeogopa kuchukuliwa jasho lake anaweza kutoa orodha baada ya malipo ya awali. Mimi sasa nafanya hivyo, na sijaona mteja aliyekataa baada ya kuelezwa.

Wengine wanasema kuandika kunapoteza muda. Lakini mzigo wetu mwingi unapitia Dubai, kwenye maduka ya Barabara ya Khalid bin Al Waleed na mitaa ya jirani huko Bur Dubai, na muuzaji wa jumla wa kule hutoa ankara inayotaja kila kifaa na namba yake. Ankara hiyo inasafiri na mzigo na inaonyeshwa forodhani. Namba zote zinavuka bahari, zinapita bandarini, zinafika hadi ghalani, halafu zinapotea katika hatua chache zilizobaki kati ya ghala na meza ya mteja. Anayesema hana namba hizo anazo. Na hazidai makaratasi mengi: mashine ya risiti iendelee kutoa "kompyuta 1", na sisi tubane nyuma yake karatasi moja yenye mistari minane au tisa.

Faida ya karatasi hiyo niliiona kwa mtu ambaye hakuwa hata mteja wa biashara kubwa. Binti mmoja wa kidato cha tano kutoka Temeke alikuja dukani, akaniamkia "Shikamoo fundi," kisha akafungua daftari la hesabu. Ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika kompyuta nzima: prosesa na namba yake, mazabodi na aina ya soketi yake (kitako cha prosesa), ramu mbili za aina ya DDR4, SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), pawa saplai pamoja na ampea za mstari wa volti 12, kasha. Mbele ya kila kifaa palikuwa na bei na mwezi aliotarajia kukinunua. Alikuwa anasuka nywele za watu siku za Jumamosi na kununua kifaa kimoja kimoja, na ilimchukua miezi saba. Siku ya mwisho nilimpa meza na bisibisi, nikakaa pembeni. Alishika chuma cha kasha kwanza ili kutoa umeme tuli mwilini, akainua kishikio cha soketi, akatafuta ile pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na kuilinganisha na alama ya kwenye soketi, akaiachia ikakaa yenyewe bila kusukumwa. Ramu alizibonyeza mpaka zikalia tik. Alipowasha, feni zilizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, na nikaona mikono yake inaanza kutetemeka. Sikusema kitu. Alichukua daftari lake, akapita mstari mmoja mmoja na kidole, alipofika kwenye pawa saplai akasimama, akainamia kasha, akaona plagi ya umeme wa prosesa, ile ya kona ya juu ya mazabodi, bado inaning'inia. Aliichomeka. Skrini ikawaka, na watu wawili waliokuwa wamekuja kutengenezewa vitu vyao wakampigia makofi. Sasa wenzake wa shuleni humpelekea kompyuta zao awafungulie, na ameniambia kwamba jambo la kwanza analolifanya ni kuandika kilichomo ndani.

Nawaomba wakuu wa shule na kamati za manunuzi, kabla ya kulipa, wadai karatasi hiyo na wamtake muuzaji afungue kasha moja mbele yao walinganishe maandishi na kilichomo. Kufungua ubavu wa kasha ni skrubu mbili. Walimu wa kompyuta nao wakishiriki, wanafunzi watapata somo la vitendo bila gharama yoyote.

Kwa upande wangu, zile kompyuta nne za shule nimezifungia pawa saplai nyingine, mbili nimezibadilishia na mazabodi, na orodha ya vifaa vya zote kumi ipo kwenye faili la mwalimu, na nakala nimeibandika kwa ndani kwenye ubavu wa kila kasha ili fundi atakayekuja baada yangu aikute. Wapo pia watu walioninunulia miaka ya nyuma, kabla sijaanza utaratibu huu, nikawapa risiti ya mstari mmoja kama ile niliyoilalamikia hapo juu. Hao naomba waniletee kompyuta zao. Tutazifungua pamoja mezani, nitawaandikia kila kilichomo bila malipo, na nikikuta nilipowafungia pawa saplai isiyofaa nitaibadilisha kwa gharama yangu.

Fundi na muuzaji wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam